Kiraka cha Sekela

Atuganile alikisoma kile kiraka akitafuta kosa, na alipolikosa akakisoma tena kwa hasira zaidi.

Kilikuwa kifupi mno. Hilo ndilo lililomuudhi kwanza. Yeye mwenyewe, aliyeanza kushona viraka vya programu ya Kiini enzi karakana hii ilipokuwa chumba kimoja chenye paa linalovuja, angejaza skrini nzima na bado angehitaji nyingine. Sekela alikuwa ametumia mistari unayoweza kuifunika kwa kiganja. Na mistari yenyewe, tusimnyime mtu haki yake, ilikuwa mizuri. Ilikwenda moja kwa moja kwenye tundu, ikaliziba, ikarudi bila kugusa kitu kingine.

"Soma taratibu tu, mwalimu," alisema Sekela, amesimama nyuma yake na mikono ameifumbata mbele kwa adabu.

Adabu hiyo nayo ilimkera. Binti angekuwa na majivuno, kazi ya kumchukia ingekuwa nyepesi.

Karibu na dirisha, Mzee Ambakisye, mkuu wa karakana, alikuwa ameketi na blanketi magotini, maana Mbeya asubuhi hiyo ilikuwa na baridi ya kukata masikio. Alikuwa anakunywa chai. Chai hiyo aliletewa na Sekela. Zamani chai ya Mzee aliileta Atuganile, na Mzee alikuwa akimwita mkono wangu wa kulia mbele ya wageni kutoka wizarani. Siku hizi mkono wa kulia hautajwi tena. Siku hizi ni binti yangu huyu, binti yangu yule, na kila mtu karakanani alijua kwamba Mzee anastaafu na kwamba ufunguo wa Kiini ataurithi mmoja kati ya wanawake hawa wawili. Aliyeshona kiraka cha leo, kikifaulu, hakuwa na sababu ya kuogopa kuukosa.

Kilikuwa kiraka kikubwa kwa maana ya kazi yake, si urefu wake. Nusu ya watu wa nyanda za juu walikuwa na vidundo vifuani, tangu ile homa iliyopita na kuiacha mioyo yao imelegea. Kidundo kinaupigisha moyo, na ndani ya kila kidundo kuna Kiini, na Kiini ndicho kinachoamua nani ana ruhusa ya kuamuru moyo uende kasi au pole. Sasa wadukuzi walikuwa wamepata tundu. Kule Chunya watu walikuwa wanaanguka sokoni wakiwa wameshika vitunguu mkononi, mapigo yao yamepunguzwa na mtu asiyeonekana, ambaye hakutaka chochote zaidi ya kuonyesha kwamba anaweza.

Sekela alikuwa ameeleza tundu hilo kwenye kikao kwa namna ambayo hata mpishi wa karakana alielewa. Fikirieni mlinzi getini, alisema. Anasoma kitambulisho chako, anaona kweli ni wewe, anageuka kufungua geti. Katika kule kugeuka, mtu mwingine anakusukuma na kupita yeye. Mlinzi hajakosea kusoma. Kosa ni kwamba alichokisoma na aliyepita si kitu kimoja. Kiraka chake kiliweka kufuli: amri ikishakaguliwa, haishikwi na mkono mwingine mpaka itekelezwe.

Mpishi alipiga makofi. Atuganile naye alipiga makofi, mikono ikiwa mizito.

Wivu, alijiambia, ni kitu cha halali. Mtu huona wivu juu ya kilicho chake, na Sekela alikuwa wake. Nani alimfundisha kushika kalamu ya kazi hii? Nani alimtoa chuoni akiwa hajui kutofautisha tundu na kivuli cha tundu? Husuda ni jambo jingine, ni tabia ya watu wabaya wanaotazama sahani za wenzao. Yeye hakuwa na husuda. Alijihakikishia hilo mara nyingi kiasi kwamba mtu mwingine yeyote angeshaanza kumtilia shaka.

Akasoma kiraka mara ya tatu, na safari hii aliliona kosa.

Halikuwa ndani ya mistari ya Sekela. Lilikuwa pale mistari hiyo inapokutana na ile ya zamani, ya toleo la kwanza la kidundo, ambayo hakuna aliyeisoma kwa miaka kwa sababu aliyeiandika alikuwa bado hai na alikuwa akijibu maswali. Aliyeiandika ni yeye. Katika toleo la kwanza, pigo la moyo nalo lina kufuli lake. Pigo hushika kufuli lake kwanza, kisha huomba la amri. Kwa kiraka cha Sekela, amri ingeshika kufuli lake kwanza, kisha ingeomba la pigo. Vikikutana vyote kwa wakati mmoja, kila kimoja kitasimama kukingoja kingine, kama wazee wawili wa heshima mlangoni: tangulia wewe, hapana bwana, tangulia wewe. Wazee wanaweza kuoneana haya pale mpaka chai ipoe. Moyo hauwezi kungoja hivyo.

Vidundo vipya vina msimamizi ndani, anayekata ubishi wa namna hiyo mara moja. Toleo la kwanza halina. Na kwenye meza ya majaribio hapakuwa tena na kidundo hata kimoja cha toleo la kwanza, kwa hiyo majaribio yote ya Sekela yalikuwa yamepita yakimeremeta kijani.

"Ehe?" Mzee Ambakisye aliweka kikombe chini. "Atu, una neno?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya karakana. Kiraka hakitoki kwa mkono wa mtu mmoja. Mmoja anashona, mwingine anakagua, na mkaguzi akiwa na neno analisema pale pale, hata liwe dogo, hata mshonaji awe bosi wake. Akiridhika, anatamka mbele ya mkuu kwamba hana neno, mashine inaishika sauti yake, na njia inafunguliwa. Jioni redio inataja jina la mshonaji. Wiki nzima jina hilo huwa midomoni mwa watu. Kule Rungwe kuna mtoto anayeitwa Atuganile, na kuna hata ng'ombe wa maziwa, kwa ajili ya kiraka cha mwaka wa mafuriko.

Atuganile aliiona jioni hiyo kabla haijafika. Alisikia redio ikisema Sekela. Kisha akaona jambo jingine, na hili lilimjia lote kwa mara moja, limekwisha kupangika: wazee wachache wa toleo la kwanza wanazirai, karakana inachanganyikiwa, Sekela analia, na yeye anaketi kwa utulivu na kuandika dawa ambayo tayari alikuwa nayo kichwani. Hakuna atakayekufa. Kidundo kikikwama hujiwasha upya. Alijua pia kwamba kujiwasha huko huchukua muda kuliko moyo wa mzee unavyoweza kustahimili, ila hilo alilisukuma pembeni kwa kiwiko.

"Sina neno," alisema.

Sekela alishusha pumzi. Akainama kidogo, kwa furaha ya mtoto aliyefaulu mtihani. "Asante, mwalimu. Nilikuwa naogopa. Nilijua kama kuna kosa utaliona wewe."

*

Kiraka kilipangwa kurushwa saa kumi alasiri. Mpaka hapo hapakuwa na kazi, kwa hiyo watu walitoka uani kuota jua.

Mama yake Sekela alikuwa amekuja na chakula. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, wa makamo ya kukaribia uzee, na alikuwa amebeba sufuria iliyofungwa kwa kanga ili isipoe. Hakuwahi kufika karakanani, lakini alipita kati ya watu akiuliza jina moja tu mpaka akaonyeshwa.

"Wewe ndiye mwalimu," alisema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Hebu nikutazame." Akaishika mikono ya Atuganile yote miwili, akaitikisa. "Yaani mimi nimechoka kusikia jina lako. Asubuhi mwalimu, jioni mwalimu. Mwalimu kasema hivi, mwalimu hangefanya vile. Mpaka mimi mama yake mzazi nikaona wivu! Nikamwambia, basi hamia kwake akakupikie."

Akacheka, na watu wa karibu wakacheka naye. Atuganile alicheka pia, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya.

Wakaketi kwenye benchi. Sufuria ikafunguliwa: ndizi zilizopikwa na maharage, na mvuke ukapanda. Mama akampakulia yeye wa kwanza, kabla ya binti yake, akamwekea zile ndizi za juu zilizolainika vizuri.

"Kula. Uko mwembamba, kazi hii inawamaliza."

Atuganile alikula. Ndizi zilikuwa tamu, na alikuwa na njaa. Alikuwa kwenye tonge la tatu au la nne aliposikia mlio. Ulikuwa mlio mdogo, mkavu, kama wa kidole kinachogonga juu ya bati, ukatulia, ukarudi. Hakuhitaji kuuliza. Toleo la kwanza tu ndilo lenye mlio ule. Alikaa na mlio ule mwaka mzima ujanani mwake, akijaribu kuuondoa na kushindwa, mpaka akaandika pembeni kwamba hauna madhara.

"Ni hiki changu," alisema mama, akijipapasa kifuani alipoona anatazamwa. "Baridi ikizidi kinapiga kelele. Wamenibembeleza nikibadilishe, nimekataa. Tumezoeana. Sekela hapendi, ananifokea, lakini nikamwambia: si kimeandikwa na mwalimu wako? Basi niachie."

Atuganile aliweka sahani kwenye benchi.

"Umeshiba mara hii?"

"Nimeshiba, mama. Asante."

Hakuwa ameshiba. Aliirudia sahani, kwa sababu kuiacha na chakula mbele ya mpishi wake kungekuwa tusi, na akala mpaka mwisho huku mlio ule ukigonga pembeni yake. Alijaribu kufikiri. Hakuwa amejua. Hilo lilikuwa kweli, hakujua kama ni mama wa Sekela. Lakini alijua kwamba ni mama wa mtu. Wale wazee wachache wa toleo la kwanza aliowaona kichwani asubuhi hawakuwa na nyuso, na ndiyo maana walizirai kwa urahisi vile.

King'ora cha kwanza kililia kutoka mlimani, kile cha kuonya. Kule chini mjini watu wangeanza kutafuta pa kuketi, maana kiraka kikifika kidundo hutulia kidogo kabla ya kuendelea, na serikali ilikwisha kuwafundisha watu wasipokee kiraka wakiwa wima. Mama Sekela aliangalia benchi, akaona linatosha, akajiweka sawa na kuilaza kanga juu ya miguu.

"Mimi nitakingojea hapa hapa," alisema. "Nataka nikisikie kiraka cha mwanangu kikiingia."

*

Angeweza kunyamaza. Tusimfanye malaika sasa hivi kwa sababu tu alisimama. Akiwa ngazini alihesabu yote. Aliyetamka kwamba hana neno ilhali analo, kwa kanuni ya karakana, huvuliwa sauti. Mashine haimsikilizi tena maisha yake yote. Hatakuwa mshika ufunguo wala mkaguzi. Na wadukuzi je? Kiraka kikisimamishwa, kesho Chunya wataanguka wengine. Alizigeuza sababu hizo huku na huku kwa matumaini kwamba mojawapo itamruhusu arudi uani. Hakuna iliyomruhusu, na mlio ule ulikuwa bado masikioni.

Chumbani, Sekela alikuwa kwenye kiti chake na Mzee Ambakisye ameshika ufunguo mkononi.

"Msirushe," alisema Atuganile.

Mzee aligeuka. "Kuna nini?"

"Toleo la kwanza. Pigo na amri vitangojana. Kufuli la pigo linatangulia kule, hapa linatangulia la amri. Hakuna msimamizi wa kuvitenganisha."

Sekela hakuuliza swali. Alivuta ile mistari ya zamani kwenye skrini, akaiweka kando ya yake, na Atuganile aliona macho yake yakishuka, yakapanda, yakasimama. Alielewa haraka. Hata katika saa hiyo Atuganile aliliweka hilo moyoni kwa uchungu: yeye angehitaji kalamu na karatasi.

Kisha rangi ilimtoka Sekela. Alitazama dirishani, uani, kwenye benchi.

Mzee Ambakisye alikuwa anamtazama Atuganile, na tayari swali lilikuwa usoni kwake, lile swali ambalo mtu mzima haulizwi mara mbili. Akafungua mdomo. Sekela akamwahi.

"Umeliona sasa hivi, sivyo, mwalimu?" alisema. "Ulipokuwa ukipumzika. Mimi pia huwa hivyo, naona kosa nikiwa nakula. Mzee, si kosa la mkaguzi. Ile mistari ni ya zamani, hata yeye hawezi kuikumbuka yote. Kosa ni langu, nilipaswa kumuuliza."

Akamtazama Atuganile moja kwa moja. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Hakutakiwa hata kusema uongo, aitikie kwa kichwa tu.

Na hapo, jamani, ndipo wivu ulipompanda Atuganile mpaka kooni. Binti alikuwa amekwisha kutambua kilichofanyika asubuhi. Hakuna namna ambayo hakujua. Alikuwa amemwona mwalimu wake asubuhi akikaa kwenye mstari ule ule muda mrefu kabla ya kutamka. Alijua, na bado alikuwa anamfunika kwa nguo yake mwenyewe. Kiraka kizuri alikuwa nacho yeye. Chai ya Mzee, mama mwenye ndizi, ufunguo wa kesho, vyote yeye. Na sasa awe na huruma pia? Atuganile aishi miaka iliyobaki akijua kwamba heshima yake ni msaada wa Sekela, aliopewa bure mbele ya Mzee kama mtu anayepakuliwa ndizi za juu? Angestahimili kuvuliwa sauti. Hilo hapana.

"Nililiona asubuhi," alisema.

Mzee Ambakisye aliuweka ule ufunguo mezani polepole sana.

"Kabla ya kutamka?"

"Kabla ya kutamka, Mzee. Nilitaka kiharibike."

Watu hudhani ukweli husemwa kwa sababu njema. Huu ulisemwa kwa sababu mbovu, na ulikuwa ukweli vilevile.

Sekela alikuwa bado anamtazama. Ule wema uliokuwa usoni kwake ulikaa kidogo zaidi, kama haujapata habari, halafu ukaondoka.

"Chakula cha mama," alisema. "Ulikila?"

"Nilikila."

"Ukijua?"

"Nilijua nusu. Nilipojua yote, nilimaliza sahani."

Sekela aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Hakulia na hakupaza sauti. Alivuta kiti cha pembeni akakisogeza mbele ya skrini.

"Kaa hapa, Atuganile," alisema. Lile neno mwalimu halikuwepo tena. "Wewe ndiye unayejua toleo la kwanza. Shona. Nitakagua mimi."

Mzee Ambakisye alitaka kusema kitu kuhusu kanuni, akaangalia saa, akaghairi. Akanyoosha mkono, na Atuganile akaivua beji yake ya ukaguzi na kuiweka katika kiganja kile.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Makufuli mawili yakigombana, unaweka utaratibu wa kudumu wa nani aanze, na kila anayefika mlangoni anaufuata bila heshima za bure. Pigo litangulie siku zote, amri ifuate. Atuganile aliandika akiwa na Sekela begani, karibu kiasi cha kuhisi pumzi yake, na vidole vyake, ambavyo havikuwahi kumwangusha, vilikuwa vya baridi na vizito. Juu kabisa ya skrini, mahali pa jina la mshonaji, lilikuwa limeandikwa Sekela, na litabaki Sekela. Alishona chini ya jina hilo mpaka mwisho.

"Tayari," alisema.

Sekela alisoma. Hakusoma muda mrefu.

"Hapa," alisema, akiweka kidole kwenye kioo. "Amri ikikataliwa unatoka bila kulifungua kufuli la pigo. Litabaki limefungwa."

Ilikuwa kweli. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na kwa kosa hilo moyo ungesimama vilevile, kwa njia nyingine.

Atuganile alilirekebisha. Sekela hakuwa ametabasamu wala kukunja uso. Hakuwa amemtazama Mzee aone kama amesikia. Alikuwa ameliona neno, akalisema, basi, na macho yake yalikwisha kuhamia mstari unaofuata.

Atuganile alikuwa amemwonea wivu binti huyu kwa mengi, na alidhani anayajua yote. Hili hakuwa amelihesabu. Lilimuuma kuliko ufunguo, kuliko redio, kuliko jina lililoko juu ya skrini: kwamba kwa Sekela jambo lile, kulisema neno, lilikuwa jepesi hivyo.